Wateja wanasema nina nyodo, kumbe sikio moja halisikii

"Daktari, salaam aleikum. Nina miaka 27, ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Mombasa, huu mwaka wa pili. Nilipokuwa na miaka minane niliugua matubwitubwi, na tangu hapo sikio la kushoto halisikii kitu. La kulia liko sawa. Nyumbani walishazoea, shuleni nilikuwa nikikaa mbele, kwa hivyo sikuwahi kujiona mlemavu na kazini sikumwambia mtu. Shida ni wateja. Wanasema nina nyodo. Mmoja ananitajia kiasi anachotaka kulipa kwa M-Pesa, sijibu, anafyonya. Mwingine anasema nampigia kelele. Kuna mzee mmoja alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, ananitolea salamu namjibu. Siku moja inaonekana hakupata jibu, na tangu hapo anapanga foleni ya mwenzangu hata iwe ndefu vipi. Mwezi uliopita mama mmoja alinirushia pesa kwenye kaunta akaniambia 'kiziwi wewe'. Nilimjibu vibaya, sikatai. Sasa nimepewa barua ya onyo, 'utovu wa adabu kwa wateja', na supavaisa anasema ikija nyingine nitaenda nyumbani. Shangazi anataka nitie mafuta ya kitunguu saumu. Mwenzangu anasema ninunue mashine ya masikio mtandaoni. Mume wangu anasema ninyamaze, nikisema nitafukuzwa kwa kudanganya. Nifanyeje? Na yule mzee, nimwendee nimtake radhi au niache?"

Waaleikumu salaam, binti yangu.

Kabla ya yote, mimi si daktari wa dawa. Napima usikivu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu tukatafuta namna ya kuishi vyema na masikio waliyo nayo. Sheria nitaigusa kwa kuwa barua ya onyo tayari iko mkononi mwako, lakini penye kuhitaji wakili nitakwambia nenda kwa wakili.

Umeniuliza mengi, nami nitaanza na swali ambalo halimo: ukiwa kazini, mteja anakujia kutoka mkono gani?

Kaunta nyingi za supamaketi hujengwa kwa jozi, mbili zimepeana mgongo. Kwenye moja mteja hutokea kushoto kwa keshia na anayefunga mizigo yuko kulia. Kwenye ya pili ni kinyume. Juzi nilipanga foleni nyuma ya watu sita, na mtu wa kazi yangu hawezi kusimama mahali bila kutega sikio. Friji ya soda inanguruma ubavuni mwa keshia. Mashine ya barkodi inalia tii, tii. Spika ya darini inapiga kaswida, inakatiza kutangaza bei ya unga, inarudi kwenye kaswida. Nje tuktuk inapiga honi, ndani mtoto analilia chokoleti. Katikati ya hayo mama mmoja wa buibui akasema, kwa ile sauti ya chini ya watu waliolelewa, "Salaam aleikum mwanangu, na mfuko mmoja." Keshia yule ana masikio mawili mazima na bado alimuuliza mara mbili. Wewe, kama kaunta yako ni ile ambayo mteja anatokea kushoto, salamu kama ile inagonga sikio lililokufa, na sikio zima linazungumza na friji siku nzima.

Barua yako ya onyo inataja adabu. Mimi nikiisoma, kitu cha kwanza ninachokiona ni mahali ulipowekwa.

Watu hudhani mwenye sikio moja anasikia nusu ya anayosikia mwenye mawili, kama gari lililoungua taa moja. Ingekuwa hivyo wewe usingekuwa na shida, kwa maana katika chumba kimya sikio moja linatosha kabisa. Ndiyo maana nyumbani walizoea na wewe mwenyewe ukasahau. Masikio mawili kazi yake kubwa huonekana penye kelele. Sauti inayotoka upande mmoja hufika sikio la karibu kwanza, na la mbali baadaye kidogo sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo hupima hiyo tofauti, ukajua nani anasema na kutoka wapi, kisha ukaisukuma kando kelele nyingine yote. Ukibaki na sikio moja, kipimo hicho hakipo tena. Friji, kaswida, mtoto na mteja wote wanaingia kwa mlango mmoja, wamebanana kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Halafu kuna kichwa chenyewe. Kichwa hutia kivuli, na kivuli hicho hakizuii sauti zote sawasawa. Irabu ni sauti nene, hupinda zikakizunguka kichwa zikafika upande wa pili. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni nyembamba, zikigonga kichwa nyingi huishia hapo hapo. Kwa hivyo mteja aliye kushoto kwako akisema "sitini" au "sabini", wewe unapata mwili wa neno bila mifupa yake. "Mia tatu" na "mia tano" zinakaribia kuwa kitu kimoja. Umesikia kwamba mtu amesema, hukujua amesema nini. Na anayekutazama hawezi kuamini jambo hilo, sababu dakika moja kabla ulimjibu mwenzako wa upande wa kulia bila shida yoyote. Hapo ndipo linapozaliwa neno ambalo nina hakika umeshalisikia: "Anasikia akitaka."

Midomo husaidia, na bila shaka umekuwa ukiisoma tangu utotoni bila kujijua. Ina mipaka yake. Herufi p, b na m hufunga midomo namna moja, hata "baba" na "mama" ukiyatazama bila sauti ni neno lile lile. Na Mombasa hii wateja wengi wamevaa nikabu, midomo haionekani kabisa. Nadhani ukikaa ukahesabu, utakuta malalamiko mengi yametoka kwa watu ambao midomo yao hukuiona, ama kwa kitambaa ama kwa kuwa ulikuwa umeinama kutafuta barkodi.

Sasa hiyo nyodo. Hapa kwetu mtu haanzi na shida yake, anaanza na salamu. Mahali pengine keshia akikosa kusikia neno la kwanza la mteja, amekosa kusikia bei ya sukari. Mombasa akikosa kulisikia, amekataa salamu, na salamu iliyokataliwa haiulizwi mara ya pili. Mteja anaimeza na kinyongo chake. Juu ya hapo, mtu anayejitahidi kusikia hukunja uso. Ni misuli tu ya paji inavyofanya tukikaza akili, ila anayekuona anaona hasira. Na penye kelele sauti ya binadamu yeyote hupanda yenyewe, ndiyo maana waliokuwa disko hutoka nje wakiendelea kupigiana kelele. Kwa hivyo yule aliyesema unampigia kelele alisema alichokisikia. Fikiria basi mteja anayekuja mara ya kwanza: kasalimia hakujibiwa, kaona uso umekunjwa, kisha kasikia "Ati?" kwa sauti ya juu. Ningekuwa yeye, nami ningesema una nyodo.

Lipo jingine ambalo hukulitaja, nami nalikisia. Kusikiliza kwa sikio moja penye kelele kunachosha, tena vibaya. Ubongo unafanya kazi ya kubahatisha kila sentensi. Wengi ninaowapima huniambia asubuhi wako sawa, ikifika alasiri hawataki mtu aseme nao. Angalia saa ya yale malalamiko. Kama mengi ni ya mwisho wa shifti, hilo nalo ni jambo la kumwonyesha meneja.

Yule mama wa "kiziwi wewe" alikukosea, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa majina ya kudhalilisha. Lakini umeniambia ukweli kwamba ulimjibu vibaya, nami nitakulipa ukweli. Sikio halikumjibu yule mama, umemjibu wewe. Ukienda mbele ya meneja ukaliweka tukio hilo pamoja na zile salamu ulizokosa kusikia, utaharibu yote. Litenge. Sema: lile nilikosa, nilitukanwa nikashindwa kujizuia, haya mengine sikusikia. Mtu anayekubali moja lililo lake huaminiwa kwa tisa yasiyo yake. Na siku nyingine mteja akirusha pesa, ziache hapo kwenye kaunta, mwite supavaisa aje azipokee yeye. Kuwalinda wafanyakazi dhidi ya wateja wenye matusi ni kazi ya mwenye duka.

Jambo la kwanza la kuomba ni kaunta ya upande wa pili, ile ambayo mteja anakujia kulia. Dukani kwenu bila shaka ipo, na kubadilishana na mwenzako hakumgharimu mtu hata senti. Kama spika ya darini iko juu yako, omba kaunta iliyo mbali nayo au sauti ipunguzwe. Kama friji imekaa kulia, omba uwe mbali nayo. Sijui dawa nyingine ya bure yenye nguvu kama hii.

La pili, tangulia wewe kusalimu. Mteja akiweka kikapu, inua uso, mtazame, mtolee salamu kabla hajakutolea. Wazee wetu wanajua fadhila ya anayetangulia, lakini mimi nakupa sababu ya kazi: ukisalimu wewe, anayejibu ni yeye, na jibu la salamu unalijua kabla halijatoka. Hakuna cha kukosa kusikia. Tena umeshamgeuza akutazame usoni.

La tatu, hilo "Ati?" liache langoni. Hata "Nini?" na "Umesemaje?" zinamlazimu mtu kurudia kila kitu, na watu hukasirika wakirudia. Rudia ulichokipata, uliza kilichopotea: "Abee mama, ni mia na ngapi?" Anayesikia hivyo anajua ulikuwa unamsikiliza. Kwenye pesa usitegemee sikio hata kidogo. Mwonyeshe mteja kioo cha jumla, na kwa M-Pesa mwache aseme huku ukimwonyesha tarakimu kwa kidole.

La nne ni gumu zaidi, nalo ni kusema. Nimewapa watu wengi sentensi moja fupi: "Mamangu, sikio hili halisikii, niambie huku," na mkono unagusa sikio zima. Inachukua sekunde mbili. Wengine hutengeneza beji ndogo, "Nasikia kwa sikio la kulia". Faida yake naijua: mteja aliyekuwa akifyonya husogea upande wa pili na mara nyingi hata sauti yake inalainika. Hasara yake naijua pia. Wapo watakaokupigia ukelele kama wanaita mashua, wapo watakaosema "pole mwanangu" mbele ya foleni nzima hadi utamani ardhi ipasuke, na yupo mmoja atakayeuliza kama ni maradhi ya kuambukiza. Usianze na wateja wote. Jaribu wiki moja kwa wale tu uliokosa kuwasikia, uone moyo wako unasemaje.

Tuje kwenye vifaa na tiba. Mwambie shangazi asante sana, na mafuta ya kitunguu saumu ayatie kwenye mchuzi. Matubwitubwi huharibu sikio la ndani, nyuma kabisa ya ngoma, zilipo seli zenye vinyweleo vinavyogeuza sauti kuwa taarifa za ubongo. Seli hizo za binadamu zikifa haziotei tena. Mafuta hayafiki huko, yanaishia kwenye tundu la nje, na yakiwa ya moto huunguza ngozi na ngoma yenyewe. Mashine ya mtandaoni nayo, mingi ya hiyo mitambo inakuza kila sauti bila kupimiwa mtu. Ukiitia kwenye sikio lililokufa unapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ukiitia kwenye sikio zima unaweza kuliumiza hilo moja ulilobakiwa nalo.

Kipo kifaa kilichotengenezwa kwa watu kama wewe. Kina vipande viwili: cha kushoto ni maikrofoni, kinaokota sauti na kuirusha bila waya hadi kipande cha kulia, sikio zima likasikia ya pande zote mbili. Kwa keshia kinaweza kuwa msaada mkubwa. Sifa zake zisikulevye, maana hakirudishi ule uwezo wa kujua sauti imetoka wapi, na kelele ikiwa kushoto nayo huletwa kwenye sikio zima pamoja na mteja. Bei hupishana sana na si ndogo. Usinunue kabla ya kukijaribu siku kadhaa, tena ukiwa kazini. Anayekuuzia akikataa ujaribu, tafuta mwingine. Kuna pia vifaa vinavyopitisha sauti kwa mfupa wa fuvu. Upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio upo, lakini sikio lililonyamaza tangu utotoni, kwako miaka 19, mara nyingi halileti matunda mazuri, nami nisingekushauri uuze shamba kwa ajili yake.

Sasa mumeo. Hofu yake si ya kipuuzi na usimcheke. Swali ni moja: ulipoajiriwa, ulijaza fomu inayouliza kama una ulemavu au tatizo la kiafya, ukaandika hapana? Kama hukuulizwa, hukudanganya mtu, ulinyamaza tu. Kama uliulizwa ukaandika hapana, usiseme kitu kazini mpaka uonane kwanza na mwakilishi wa chama au wakili. Wafanyakazi wa maduka wana chama chao, KUCFAW. Kituo cha Sheria nao wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Kama hilo halipo, ushauri wangu ni useme, tena kwa maandishi. Sababu ni hii. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya ulemavu, na kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumfukuza mtu. Lakini mwajiri asiyejua una ulemavu atasema, na atasikilizwa, kwamba alimfukuza keshia mwenye ujeuri. Ukimya wako leo unamwandikia yeye utetezi. Barua ya onyo isiyojibiwa hukaa kwenye faili ikisema upande mmoja tu.

Jibu lako lisizidi ukurasa mmoja. Tarehe ya barua yao. Kwamba sikio la kushoto halisikii tangu utotoni, na umeambatisha cheti cha kipimo. Kwamba kaunta uliyowekwa inawaweka wateja upande huo. Kwamba unaomba kaunta ya upande wa pili na unaeleza mambo uliyoanza kuyabadilisha mwenyewe. Kwamba kwa tukio la tarehe fulani unasikitika ulivyojibu, na hivi ndivyo ulivyotukanwa. Basi. Usitaje mahakama, usitaje kifungu chochote, hapo bado unaomba kaunta na si vita. Waipokee kwa sahihi kwenye nakala, nayo nakala ilale nyumbani.

Ikifika siku wakakuita kwa kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 kinataka uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa na usikilizwe kabla ya kuamuliwa, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Kaa mezani ili msemaji awe kulia kwako, waambie tangu mwanzo wasiseme wawili kwa pamoja, na mwenzako aandike. Nimeona mtu akitia sahihi asichokisikia kwa kuona haya kuuliza. Na wakikufukuza, malalamiko kwa afisa wa leba yanatakiwa ndani ya miezi mitatu. Usikae nyumbani ukilia hadi mwezi wa nne.

Unasema hukuwahi kujiona mlemavu, nami sina haja ya kukubandika jina. Ila ujue kwamba Katiba, kifungu cha 260, inauhesabu ulemavu kwa upana: hali ya mwili au ya milango ya fahamu ambayo ina athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku za mtu, au ambayo sehemu kubwa ya jamii inaiona hivyo. Aliyekuita kiziwi mbele ya kaunta, bila kujua, amekusogeza kwenye maana hiyo. Kwa hivyo ulinzi kazini hausubiri kadi.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine. Unapimwa kwanza kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha unaomba usajili. Faida zipo, mojawapo ni msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi kwa aliyepewa cheti cha msamaha huo, na kwa mshahara wa keshia hiyo ni kodi yote. Sitakuahidi kwamba utaipata. Shirika la Afya Duniani linapohesabu upotevu wa usikivu unaolemaza huangalia sikio lililo bora, upotevu wake upite desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na lako bora ni zima. Shirika hilo hilo, kwenye madaraja yake ya 2021, limeweka daraja la pekee kwa watu wa sikio moja, likikiri kwamba hawako sawa na wengine. Nenda na chati yako ya kipimo cha usikivu, jieleze unavyopata shida penye kelele, wapimaji waamue.

Chati hiyo ndiyo ninayotaka uanze nayo wiki hii kabla ya barua, kabla ya beji. Nenda kitengo cha masikio, hospitali ya Coast General au kliniki yenye mpimaji wa usikivu na chumba kisichopitisha kelele. Programu ya simu haitoshi. Inaonekana hujapimwa tangu utotoni, na hatuwezi kuchukulia tu kwamba la kulia bado liko sawa kwa kuwa linakufaa. Baada ya hapo lipimwe kila mwaka.

Na ulilinde. Kelele za desibeli 80 sikio huzivumilia kama saa 40 kwa wiki, zikipanda kwa desibeli 3 tu muda huo unakatika nusu. Matatu zenye muziki wa kutikisa kifua zipishe, subiri inayofuata. Harusini usikae ubavuni mwa spika hata kama ni ya mdogo wako. Kila unapotibiwa kitu kingine, mwambie daktari una sikio moja linalosikia, sababu baadhi ya dawa za sindano, gentamicin na streptomycin miongoni mwake, zinaweza kuharibu usikivu, na akijua ataangalia kama ipo nyingine.

Sikio la kulia likipungua ghafla, ukaamka limeziba, au likaanza mlio mpya pamoja na kizunguzungu, usingoje kuona kama kesho litafunguka na usikubali kuambiwa ni nta bila mtu kulitazama ndani. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Dawa ya kuokoa usikivu uliopotea ghafla hufanya kazi zaidi ikianza siku za mwanzo, na wiki mbili zikipita nafasi huwa imepungua sana. Usaha na maumivu navyo vipeleke hospitali, ingawa havina haraka kama hiyo. Na kama umefika mahali hulali usiku kwa kuwaza kaunta, au unalia msalani kabla ya shifti, hilo nalo lina watu wake. Muulize daktari akuelekeze kwa mshauri nasaha.

Amebaki mzee wako wa Ijumaa. Mwendee. Usimvizie akiwa kwenye foleni ya mwenzako, watu watageuka kutazama na yeye ataona haya. Mngoje amalize kulipa, msindikize hatua mbili kuelekea mlangoni ukiwa kushoto kwake, ili awe upande wako wa kulia. Msalimie. Kisha mwambie: "Babangu, siku ile sikukusikia. Sikio langu la kushoto ni bovu tangu utotoni." Radhi ukitaka kuiongeza, iongeze. Na akija Ijumaa inayofuata, uwe umeshabadilisha kaunta.